Pesa Zisizo na Mpaka

Dada yangu Ajiambo tulimzika Jumamosi iliyopita, ng'ambo, katika kijiji kilicho nyuma ya Tororo ambako aliingia akiwa msichana wa miaka kumi na sita na hakutoka tena. Watu walipokwisha kula, na wanawake wakawa wanakwangua sufuria za wali nyuma ya nyumba, binti yake Taaka alinishika mkono akaniingiza katika chumba cha marehemu. Kilikuwa chumba kidogo, kitanda kimoja, sanduku moja la bati, na harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka tangu utotoni. Taaka akafungua sanduku, akapekua chini ya vitenge, akatoa uzi wa katani uliotungwa sarafu za zamani, zile za senti kumi zenye tundu katikati ambazo sisi tuliziita peni. "Mama mdogo," akaniambia, "alisema nikupe wewe. Nilimuuliza ni za nini, akasema wewe ndiye unajua." Nilizihesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi na mbili, kama nilivyoziona mara ya mwisho. Nikamwambia Taaka ni vitu vya kitoto tu, na nikashukuru kwamba chumba kilikuwa na giza kidogo. Jioni ile, nikivuka mpaka kurudi Busia, vijana wa kubadilisha pesa walinizunguka na mabunda yao mikononi, wakiniita mama, wakiniuliza kama nina shilingi za Uganda. Nikawaambia sina kitu.

Mwaka ninaotaka kuusema tulikuwa tukikaa mtaa wa Burumba, pale Busia, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja ya mvule iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo Mama alikuwa ameweka kipande cha ndala kuukuu. Ukutani palikuwa na kalenda ya dukani iliyokwisha miaka miwili nyuma, ambayo hatukuitoa kwa sababu ilifunika ufa. Siku nyingi tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na mboga ya mrenda, tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Lakini Jumamosi mchana tulikula mezani, na tulikula samaki wa kukaushwa kwa moshi, aliyetoka Port Victoria, ambaye Mama alimchemsha taratibu na nyanya hadi mchuzi ukawa mzito. Hata leo nikisikia harufu ya samaki wa moshi kwenye soko, mikono yangu hujikusanya yenyewe kama inayongoja kupewa pesa za kupanga. Maana baada ya samaki, Mama akishapangusa meza, Baba alikuwa akitufundisha pesa.

Baba yetu, Wandera, alikuwa mmoja wa wale wanaume wa kwanza kupakia watu kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha Kenya hadi cha Uganda. Mama alimshonea mto wa pamba wa kuweka kwenye keria, wenye kitambaa cha maua, na wenzake walimtania kwamba abiria wake hulala kabla ya kufika. Alibeba akina mama wenye vikapu, makarani wenye mikoba, na mara moja alibeba mbuzi na mwenye mbuzi, akawatoza wote wawili. Jioni alirudi na mfuko wa suruali uliojaa sarafu za kila aina, na hapa sina budi kueleza jinsi pesa zilivyokuwa siku hizo. Kwa muda mrefu nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa zimetumia shilingi moja. Kisha kila nchi ikachapa shilingi yake, na zile za zamani zikaachwa ziendelee kutumika pamoja na mpya kwa muda. Kwa hiyo pale mpakani mtu aliweza kulipwa na abiria mmoja pesa ya Kenya, na wa pili ya Uganda, na wa tatu akamtolea ile ya zamani iliyokuwa ya wote.

Katika mtaa wetu haikuwa desturi kuwaambia watoto habari za pesa. Wazazi walizihesabu chumbani, mlango umefungwa, na mtoto aliyeuliza aliambiwa akateke maji. Lakini mwaka mmoja kabla ya huo, mzee mmoja jirani yetu alikufa ghafla bila kumwambia mtu alikoficha akiba yake. Watoto wake walichimba sakafu ya nyumba nzima, wakachimba zizi, wakachimba hadi chini ya mawe ya kusagia, na hawakupata kitu. Baba alikwenda kuwasaidia kufukia mashimo. Aliporudi alinawa miguu, kisha akasema kwamba watoto wake watajua kila senti iliyo katika nyumba hii na sababu yake. Mama hakupenda. Alisema ukimwonyesha mtoto pesa umemwonyesha njia ya dukani. Baba akamjibu kwamba ukimficha, umemwachia jembe.

Basi kila Jumamosi alimwaga mapato ya wiki mezani, nasi watatu tukasogeza viti: Ajiambo aliyekuwa darasa la saba, mimi Nabwire wa darasa la tano, na Barasa ambaye kidevu chake ndiyo kwanza kilikuwa kinafika ukingo wa meza. Kila mmoja alipewa sarafu kadhaa za kupanga katika marundo matatu. Rundo la kwanza lilikuwa la kula, la pili la shule, na la tatu la kutoguswa. Hilo la tatu halikuwa na kazi. Ukimuuliza Baba ni la nini, alisema ni la siku usiyoijua, na kwamba siku ukijua ni la nini basi utakuwa umeshaligusa. Ilibidi kila mtoto aeleze kwa nini amepanga hivyo. Barasa kila mara aliweka zote kwenye kula, na Baba alimwambia kwa upole kwamba atanenepa na atakuwa mjinga. Mimi nilikuwa nikimchungulia Baba usoni kuona rundo gani linampendeza, kisha nikapanga kwa kufuata uso wake. Ajiambo hakumtazama mtu. Aliinama, nywele zake fupi zikinuka mafuta ya nazi, akapanga polepole, akahamisha peni moja, akairudisha, na alipomaliza hakukuwa na la kusahihisha. Kisha pesa zenyewe ziliingia katika makopo matatu ya kakao, na kopo la shule lilikuwa lake. Tulijua wote, hata Barasa: Ajiambo angefanya mtihani mwisho wa mwaka, angefaulu, na kopo lile lingempeleka shule ya wasichana ya bweni. Mwalimu wake alikuwa amemwambia Baba kwamba kama huyu hataingia kidato cha kwanza, basi hakuna atakayeingia.

Noti zilizoingia katika kopo hilo zilikuwa za zamani. Baba alizitaka hizo makusudi. Abiria akimpa pesa mpya, Baba aliingia sokoni akatafuta mtu mwenye noti ya zamani wabadilishane, na watu walimpa upesi, kwa furaha, kama mtu anayepokewa mzigo. Alitueleza sababu yake Jumamosi moja, huku ameshika noti mbili juu ya meza. Pesa ya Kenya, alisema, ikifika kule kwenye mti wa kizuizi cha forodha inaanza kuomba ruhusa. Ya Uganda ikija huku vilevile. Lakini hii ya zamani haina mpaka, nchi tatu zimeizaa. "Mwenye nyumba tatu," akasema, "halali nje." Ajiambo akainua uso akauliza, "Na zote tatu zikifungwa, Baba?" Baba akacheka, akamgusa kichwa. "Ulishaona wapi nyumba tatu zikifungwa siku moja, mwanangu?" Nasi tukacheka pamoja naye, mimi kwa sauti kuliko wote.

Nimekuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na mmoja, na nimejaribu mara nyingi kuutafuta ujinga katika maneno ya Baba ili niweze kumkasirikia. Siupati. Mtu aliyeishi pale mpakani alikuwa na elimu moja ambayo haikuwahi kumdanganya: kitu kikikatazwa huku, kule kinapanda bei. Ilikuwa hivyo kwa sukari, kwa sabuni, kwa kahawa. Serikali moja ikifunga mkono, ng'ambo mtu anafungua duka. Baba aliona jambo hilo kila siku kutoka juu ya tandiko la baiskeli. Kwa hiyo tangazo lilipokuja kwamba pesa za zamani zitafika mwisho, na kila mwenye nazo azipeleke benki kabla ya tarehe iliyowekwa, wengine walisikia amri, na yeye akasikia bei. Mwalimu wetu alilisoma tangazo hilo mbele ya darasa, akatuambia tuwaambie wazazi. Nilimwambia Baba siku hiyo hiyo. Alinishukuru, kwa maana katika nyumba yetu habari za pesa zilisemwa wazi, kisha akasema tungoje. Zikikataliwa zote huku, alisema, kule zitatafutwa.

Wiki ya mwisho kabla ya tarehe hiyo, Bwana Hamisi alikuja nyumbani. Alikuwa na duka la nguo na mafuta ya taa karibu na msikiti, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa sana, ambaye Baba alimbebea mizigo na wakawa marafiki. Ilikuwa Jumamosi, tumekwisha kula, sarafu ziko mezani. Mama akamletea chai. Alisema Alhamisi anakwenda Kisumu kuchukua bidhaa, na atapita benki kubadilisha pesa zake mwenyewe. "Wandera ndugu yangu, nipe na zako. Ijumaa jioni nakuletea mpya, senti haipungui. Hizo pesa zinakufa." Nadhani Baba alitikisika, kwa sababu alilivuta kopo la shule akaliweka mapajani. Halafu akasema jambo ambalo sijasikia baba mwingine akisema, wala wakati ule wala baadaye. Alisema, "Nitauliza watoto."

Bwana Hamisi alidhani ni mzaha. Lakini Baba alikuwa mtu wa neno lake. Kama watoto wanafundishwa pesa, alisema, na wapewe kuziamua. Akatueleza pande zote mbili bila kupendelea: tukizitoa, tutapata mpya za kiasi kile kile, shilingi kwa shilingi; tukingoja, huenda ng'ambo zikapanda, na kopo la shule likatosha hadi kidato cha pili. Kisha akasema tupige kura kwa kuinua mkono. Kutoka mlangoni Mama akauliza, "Na mimi sina kura?" Baba akamjibu kwamba yeye ndiye serikali, na serikali haipigi kura, nao wanaume wawili wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua kikombe cha Bwana Hamisi kabla hakijaisha chai akaenda nacho jikoni.

Ajiambo aliinua mkono kwanza. Alisema zipelekwe Kisumu. Alisema, naikumbuka sauti yake, kavu na ya heshima, "Baba, mimi sihitaji kidato cha pili leo. Nahitaji cha kwanza." Kisha ikawa zamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimesikia tangazo kwa masikio yangu, na nilijua, kadiri mtoto anavyoweza kujua, kwamba dada yangu anasema kweli. Lakini nilimtazama Baba usoni. Nikauona uso ule ukingoja, ukitaka. Nikasema tungoje. Barasa akanitazama mimi, kama nilivyomtazama Baba, akainua mkono wake uliokuwa na mchuzi akasema na yeye tungoje. "Wawili kwa mmoja," akasema Baba. Bwana Hamisi akasimama akatafuta viatu vyake mlangoni. Alipovipata aligeuka akasema taratibu kwamba amefanya biashara na Wahindi, na Waarabu, na wazungu wawili, lakini hajawahi kushindwa na mtoto wa miaka mitano. Baba akamsindikiza hadi njiani huku wakicheka. Ajiambo alibaki mezani akakusanya sarafu, akazirudisha kila moja katika kopo lake.

Tarehe ilipita. Siku tatu baadaye Baba alizifunga noti zote katika kitambaa, akaweka ndani ya shati, akavuka. Sisi tulikuwa likizo. Mama alisonga ugali saa saba, akaufunika, akaufunua, akatupa sisi tukala. Baba alirudi saa kumi akisukuma baiskeli kwa mkono, na gurudumu halikuwa na pancha. Baadaye alitusimulia yote, kwa sababu hakuwa akificha. Alianza na wabadilishaji wa pale pale mpakani, wakatikisa vichwa. Akapanda baiskeli hadi Malaba, akidhani kule kwenye treni na malori watu wana mahitaji mengine. Akaingia Tororo. Kila mahali alikuta watu wengine wa upande wetu wenye vitambaa kifuani, wamekuja na elimu ile ile. Mwisho mama mmoja muuza ndizi, mtu mzima, alimhurumia akamkalisha kwenye mkungu. "Ssebo," akamwambia, yaani bwana, "hizo zimekufa. Hata sisi huku tumeshazizika." Baba alipofika katika neno hilo aliomba maji. Kisha akamwambia Ajiambo, mbele yetu sote, "Uliuliza swali. Nilicheka. Samahani, mwanangu." Ajiambo akasema si kitu. Akainama akaanza kumfungua kamba za viatu.

Alifanya mtihani hata hivyo. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba alikwenda asubuhi ile na kalamu mbili zilizochongwa, akijua pesa hazipo, akafanya mtihani, akafaulu kama walivyosema. Barua ilikuja na orodha: ada, blanketi mbili, viatu vyeusi, ndoo yenye mfuniko. Baba aliisoma orodha yote kwa sauti mezani. Alijaribu. Alifanya kazi hadi keria ikakatika, akaenda kwa Bwana Hamisi kuomba mkopo, lakini mali ya Bwana Hamisi ilikuwa imekwama barabarani mwezi huo na alichompa hakikufika hata nusu ya ada. Ndipo Mama akasema kwamba serikali sasa itapiga kura. Mjomba wetu alileta habari za mtu wa ng'ambo, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mpole, aliyefiwa na mke. Ng'ombe wa mahari walivuka mpaka kwa miguu yao, hawakuombwa karatasi wala pesa. Mwaka mmoja na nusu baadaye wawili kati yao waliuzwa, kwa shilingi mpya, na mimi nikaingia kidato cha kwanza.

Nilipopata watoto wangu nilirudi kwenye desturi ya zamani. Pesa zilikaa chumbani, mlango umefungwa, na aliyeuliza alitumwa maji. Nilidhani nawaokoa. Wikendi moja mwaka juzi kijana wangu mkubwa alinipigia kutoka Nairobi: amekopa katika simu, akakopa pengine kulipa pale, mwisho ameuza kiwanja nilichompa bila kuniambia. Nilimuuliza imekuwaje, mtoto wa mwalimu wa hesabu. Akasema, bila hasira, "Mama, wewe hukuwahi kuniambia kitu." Baba yangu alisema yote, akampoteza binti. Mimi nilinyamaza, nikampoteza kijana. Watu huniuliza, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, namna ya kuzungumza na watoto juu ya pesa, nami huwaambia kwamba sijui, nao hudhani ni unyenyekevu. Mara moja tu nilimtajia Ajiambo kura ile. Tulikuwa tumezeeka, tunachambua maharagwe barazani kwake. Alicheka, akanirushia punje. "Kura ni kura," akasema. "Tena ulikuwa mwizi wa kura, uliiba ya Barasa." Sikucheka. Alipoona hivyo, aliendelea kuchambua maharagwe.

Jumamosi ya mwisho kabla Ajiambo hajaondoka kwenda kuolewa, Mama alipika samaki. Tulikula, meza ikapanguswa. Nilidhani hakutakuwa na somo, kwa kuwa tangu Baba arudi kutoka Tororo hatukuwa tumelifanya. Lakini Baba aliingia chumbani akatoka na kopo la shule, akazimwaga zile pesa zilizokufa, noti na peni, akatugawia kama zamani. Hakuna aliyeuliza za nini. Barasa aliweka zote kwenye kula. Mimi nilishindwa kupanga, nikaziacha zilivyoanguka. Ajiambo aliinama akapanga polepole, akahamisha peni moja, akairudisha. Ya kula, ya shule, ya kutoguswa. Rundo la shule lilikuwa kubwa kuliko mengine, kama ipasavyo kwa nyumba yenye mtoto anayekwenda bweni. Baba alipitisha kidole juu ya marundo yale bila kuyagusa.

"Umepata zote," akasema.

Ajiambo akachukua uzi wa katani uliokuwa dirishani, akatunga peni za rundo la tatu, moja moja, kumi na mbili, akafunga fundo. Akauliza kama anaweza kwenda nazo. Baba akamwambia ni zake, lakini sheria anaijua.

"Naijua, Baba," akasema. "Haziguswi."